Siku moja Pilgrim's Rest, Afrika Kusini: tuanzie wapi tukiwa na mzee?

Kijana_wa_Kilosa

Wakuu, habari za leo. Mwezi ujao tunakwenda Afrika Kusini: mimi, mke wangu na baba yangu mzazi. Safari yenyewe hasa ni ya Kruger, ila tumebakiwa na siku moja kabla ya kurudi Johannesburg na tutakuwa tumelala Graskop. Nikitazama ramani naona Pilgrim's Rest ipo karibu, kama kilomita 15 hivi. Nimesoma kwamba ni mji wa rashi ya dhahabu (watu kukimbilia machimbo kwa wingi) ya mwaka 1873 na nyumba zake za mabati zimehifadhiwa kama zilivyokuwa.

Mwenye hamu zaidi ni baba. Alikuwa fundi wa reli, anapenda mitambo ya zamani na anapenda aelezwe kitu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo vilima virefu haviwezi. Mke wangu kwa upande wake ameambiwa na watu waliopita pale kwamba ni barabara moja tu yenye maduka ya vinyago na mahali pa kunywa chai, saa moja mmemaliza.

Aliyefika anisaidie. Panastahili siku nzima? Tuanzie wapi? Na je, kuna chochote kinachoeleza habari za Waafrika waliofanya kazi pale, au tutasimuliwa wazungu mwanzo mwisho?

---

Mama_Mwalo

Karibu mwanangu, na mfikishie mzee shikamoo yangu.

Nimefika, tena nilikaa kutwa. Mkeo hajadanganywa. Ukiegesha gari mbele ya maduka ukatembea ile barabara kuu, saa moja inakutosha. Lakini mji ule ulianzia chini kwenye maji, maduka yalifuata baadaye. Ingilieni kule ulikoanzia, mpande nao taratibu, na siku itajaa yenyewe.

Nikueleze kidogo mimi ni nani ili ujue nasemea wapi. Nina mwalo Chunya, yaani mahali pa kuosha na kuchenjua dhahabu. Nilianza kwa kuponda mawe kwa nyundo pembeni ya karasha (mashine za kusagia mawe) za watu, nikaja nikawa nanunua marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, na kuyaosha upya, leo nina leseni yangu ya kuchenjua na vijana ninaowalipa. Kwa hiyo nikifika mji wa dhahabu, hata uwe wa kale namna gani, nauliza maswali ya kazi: maji yalitoka wapi, mawe yalisagwa na nini, nani alilala wapi, nani alipata mgao.

Ile rashi ilianza hivi. Wachimbaji walikuwa wamejazana MacMac, jirani tu na pale. Mmoja wao, Alec Patterson, aliyekuwa akisukuma mali yake yote kwenye toroli, aliona watu wamezidi, akavuka mlima kwenda kujitafutia peke yake. Kwenye kijito kile akakuta dhahabu, akanyamaza. Akatokea mwingine, William Trafford, naye akapata, huyo akaenda kujiandikisha kwa kamishna wa dhahabu. Hapo siri ikaisha. Tarehe 22 Septemba 1873 eneo likatangazwa rasmi kuwa la uchimbaji, na kabla mwaka haujaisha inakadiriwa walikuwepo wachimbaji 1,500 kwenye vitalu karibu 4,000. Mtu aliyewahi kuona rashi hashangazwi na hesabu hizo. Kwetu leo habari inapita kwa simu, wakati ule ilipita kwa farasi, lakini kinachofuata ni kilekile: mahema, mama wa chakula, mwuza koleo, mwizi.

Basi anzeni na Diggings, ile sehemu ya wazi iliyo pembeni ya mji, upande wa barabara ya kutokea Graskop. Wamejenga upya mahema na vibanda vya wachimbaji wa mwanzo, kuna gurudumu la maji na mtambo wa nyundo wa kusagia mawe. Mzee wako akifika kwenye huo mtambo, mwacheni. Msimharakishe.

Pale kuna maonyesho ya kuosha dhahabu kwa karai. Watalii wengi hutazama dakika mbili, wanapiga picha, wanaondoka. Nyie kaeni. Mwambie mke wako aangalie mikono ya mwoshaji, asiangalie karai. Anaanza kwa kuzamisha karai lote majini na kulitikisa kushoto kulia kwa nguvu, udongo ulainike na kokoto zipande juu. Kokoto anazitoa kwa vidole. Halafu anainamisha ukingo wa mbele kidogo sana, anaruhusu maji yaingie na kutoka, na kila yanapotoka yanachukua tabaka jembamba la mchanga mwepesi. Dhahabu ina uzito wa gramu 19 na zaidi kwa kila sentimita ya ujazo, mchanga wa kawaida haufiki 3, kwa hiyo akitikisa vizuri dhahabu haina pa kwenda ila chini. Mwishoni kinabaki kijimchanga cheusi, kizito, chenye chuma ndani yake. Hapo mwoshaji mzuri hupunguza mwendo kabisa. Anaweka maji kidogo, anayazungusha mara moja, mchanga mweusi unajivuta kama mkia na nyuma yake, kwenye ukingo, inabaki ile rangi ya dhahabu. Chembe tatu, nne. Aliyenionyesha mimi alikuwa mtu mzima, kifundo cha mkono chepesi ajabu, na nilipomwambia kwamba na mimi ndiyo kazi yangu alinikabidhi karai. Tuliosha pamoja mpaka watalii wengine wakaanza kuuliza maswali kwangu.

Mkitoka hapo muulizeni mwongozaji swali hili: ile dhahabu ya kijitoni iliisha lini na ikawaje? Ndilo swali linalofungua mji mzima. Dhahabu ya mchanga ni ya maskini, unahitaji koleo, karai na mgongo. Lakini mchanga huisha, kinabaki mwamba ndani ya mlima, na mwamba unataka mtaji. Unataka baruti, reli ya kutolea mawe, mtambo wa kusaga, watu wa kulipwa mwezi mzima kabla hujaona hata gramu. Kwa hiyo wachimbaji wadogo wakaondoka mmojammoja na kampuni zikaingia. Mwaka 1881 serikali ya Transvaal, jamhuri ya Makaburu iliyotawala eneo lile, ilimpa mtu mmoja, David Benjamin, haki ya eneo zima, na katikati ya miaka ya 1890 migodi ikaunganishwa chini ya kampuni moja kubwa, Transvaal Gold Mining Estates. Zile nyumba za mabati unazoziona kwenye picha, nyingi ni za mji wa kampuni. Watu walifanya kazi kwa kampuni, wakapanga kwa kampuni. Iliendelea hivyo mpaka 1972 mgodi wa mwisho ulipofungwa, kisha serikali ya jimbo ikaununua mji mwaka 1974 ukiwa na nyumba zake, na mwaka 1986 ukawa urithi wa taifa.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, maana ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Nilichokiona mimi kwenye vyumba vya makumbusho ni vitu vya wazungu: vitanda vyao, vyombo vyao vya chai, mashine za kushonea, picha za wanaume wenye ndevu mbele ya mahema. Tazama picha hizo kwa utulivu. Pembeni au nyuma ya karibu kila kundi utaona Mwafrika ameshika koleo au amesimama kwenye mfereji, na maelezo ya chini hayamtaji. Sababu moja ipo kwenye sheria. Sheria ya dhahabu ya Transvaal ya mwaka 1885 ilisema mtu asiye mzungu haruhusiwi kuwa na leseni ya kuchimba wala kuhusika na uchimbaji kwa namna yoyote, isipokuwa kama kibarua wa mzungu. Fikiria hilo. Mtu angeweza kuijua miamba ya bonde lile kuliko yeyote, akawa ndiye anayeingia shimoni kila siku, lakini jina lake lisingeandikwa kwenye kitabu cha kamishna. Na kisichoandikwa kwenye kitabu hakifiki makumbusho. Mimi leseni yangu ninayo ndani ya mkoba wa plastiki, nasafiri na nakala yake. Nilisimama mbele ya zile picha nikawaza mama aliyeosha mchanga ule mwaka 1890, kama alikuwepo, na naamini alikuwepo.

Kwa hiyo muulizeni mwongozaji kwa adabu: vibarua waliishi wapi? Walitoka wapi? Niliyempata mimi alikuwa kijana wa palepale, Mpulana, kabila la wenyeji wa huko, na nilipouliza alibadilika kabisa. Akaacha hotuba aliyoizoea akaanza kunisimulia ya babu yake, aliyefanya kazi kwenye mtambo wa kusaga. Nusu saa ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko nyumba zote.

Makaburi yapo juu ya mji, na kilima chake ni kikali, mzee asipande kwa miguu. Ulizeni kama gari linaweza kumfikisha karibu. Ikishindikana, wewe na mkeo mpande, yeye abaki Royal Hotel na kinywaji. Juu kule kuna kaburi linaloitwa la mwizi. Makaburi yote yanaelekea upande mmoja, lile peke yake limelazwa kukatisha. Inasimuliwa kwamba mtu huyo aliiba kwenye mahema, akafukuzwa, akarudi, akapigwa risasi na kuzikwa palepale alipoanguka, na makaburi mengine yakaja kumzunguka. Someni na mengine pia. Waliozikwa pale walitoka nchi za mbali na wengi walikufa vijana.

Maduka yawe ya mwisho, jioni, mkiwa mmechoka.

---

Dereva_wa_Lowveld

Mama amemaliza upande wa historia, mimi niongeze ya barabarani. Naishi Mbombela miaka mingi, kazi yangu ni kuzungusha wageni.

Kutoka Graskop mnachukua R533, lami nzuri ila ina kona nyingi na asubuhi ukungu unaweza kuwa mzito kiasi cha kutoona gari la mbele. Msitoke gizani. Subirini kama saa tatu hivi ukungu upande, dakika 20 mmefika. Usafiri wa umma msiutegemee, kodini gari. Mkifika vijana watawafuata wakitaka kulinda gari au kuliosha. Kubalianeni bei kabla, au semeni hapana kwa sauti ya upole na mmoja tu mumpe kazi ya kulinda. Msipomjibu mtu, mtarudi mkute gari limeshaoshwa na anadai. Wekeni randi taslimu, noti ndogondogo.

Tiketi za nyumba za makumbusho zinauzwa ofisi ya habari za watalii, barabara kuu upande wa juu. Pitieni hapo kwanza muulize zipi zimefunguliwa siku hiyo, maana kuna wakati baadhi hufungwa kwa matengenezo. Kwa mzee mwenye asili ya ufundi msikose gereji ya zamani yenye magari na mikokoteni, na ile nyumba ya kiwanda cha magazeti yenye mashine za chapa. Nyumba ya Alanglade, aliyoishi meneja wa mgodi na familia yake, ipo nje kidogo ya mji na huingii hivihivi, ni kwa mwongozaji na kwa saa maalumu.

Jambo la usalama: vilima vile vina mahandaki ya zamani, na wapo watu wanaoingia kuchimba bila kibali mpaka leo, wenyeji wanawaita zama zama. Msifuate kijia kisichokuwa na kibao, na msiingie shimo lolote hata kama mtu anawaambia atawaonyesha dhahabu.

Mkirudi Johannesburg msirudi Graskop tena. Endeleeni na R533 hiyohiyo, inapanda Robbers Pass na kutokea R36, halafu Lydenburg. Mwambieni mzee hadithi ya mlima huo mkiwa mnapanda. Mwaka 1899 gari la farasi lililobeba dhahabu lilivamiwa pale na watu wawili waliofunika nyuso, wakaondoka na mali ya pauni 10,000. Mwaka 1912 kinyozi wa mjini, Tommy Dennison, akajaribu naye. Akaambulia masanduku ya sarafu za fedha, akarudi mjini kulipa madeni yake kwa sarafu zilezile, wakamkamata. Alipotoka jela alirudi hukohuko kuishi, akafungua gereji na kuiita kwa jina la kazi yake ya uporaji.

Ila maoni yangu kwa dhati, kama baba anataka mji wa dhahabu unaoishi, mpeleke Barberton. Ule ulianza 1884, mwaka uliofuata Edwin Bray akagundua mwamba wa Sheba, na mpaka leo kuna dhahabu inatolewa kwenye milima ile. Sura ya mbele ya soko lao la hisa bado imesimama. Na ile milima ya Makhonjwa imeingia urithi wa dunia mwaka 2018, ina miamba ya zaidi ya miaka bilioni 3. Pilgrim's Rest ni pazuri, ila ni mji uliowekwa kwenye kabati la vioo.

---

Kijana_wa_Kilosa

Nawashukuru sana. Mama, nimemsomea baba maandishi yako yote kwa sauti, akasema nikuulize: ule mtambo wa nyundo ulifanyaje kazi, na baada ya kusaga walikamataje dhahabu? Anasema asipoelewa hilo kabla ya safari hatalala.

Kaka dereva, Barberton tumeiona ila inatupotezea njia, labda safari nyingine.

---

Mama_Mwalo

Mwambie mzee ameuliza swali la fundi.

Mtambo wenyewe ni safu ya nguzo nzito za chuma zilizosimama wima, chini zina kichwa cha chuma kigumu. Juu yake unapita mhimili unaozunguka, wenye meno. Kila jino likipita linanyanyua nguzo moja, likiachia nguzo inaanguka kwa uzito wake juu ya mawe. Nguzo hazianguki pamoja, zinapokezana kwa mpangilio ili mhimili usielemewe na mawe yatawanyike sawasawa ndani ya boksi. Mzunguko ulitoka kwenye gurudumu la maji au injini ya mvuke. Kijito kilekile kilichobeba dhahabu ndicho kilichogeuzwa kusukuma mitambo, na mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ilikuwa ikizalisha umeme kwa maji pale. Sauti yake usiku na mchana nadhani mzee anaweza kuifikiria mwenyewe.

Mawe yanasagwa ndani ya maji. Uji unaotoka unapita kwenye chujio, unateremka juu ya bamba za shaba zilizopakwa zebaki. Zebaki inanasa chembe za dhahabu, uji uliobaki unapita. Baada ya muda mtambo unasimamishwa, wanakwangua ule mkusanyiko kwenye bamba, wanauminya, wanauchoma, zebaki inaruka kama mvuke na dhahabu inabaki. Huo mvuke ni sumu. Uliwamaliza watu wakati ule na bado unawamaliza wachimbaji wadogo sehemu nyingi, ndiyo maana pale kwangu hakuna anayechoma bila kifaa cha kunasia mvuke, na mama mjamzito hakaribii. Hilo nalisema popote nikipata nafasi.

Zebaki haikunasa yote. Dhahabu nyingine ilikuwa laini mno au imejificha ndani ya madini mengine, ikaenda na marudio. Mwaka 1887 huko Scotland ikapatikana njia ya kuyeyusha dhahabu kwa kemikali ya sianidi, na kuanzia 1890 ilianza kutumika Transvaal. Hapo milima ya taka ikawa mali. Mimi maisha yangu yamejengwa na marudio, watoto wangu wamesoma kwa marudio, kwa hiyo habari ya mwaka huo naipenda kuliko ya Patterson na toroli lake.

Halafu mwambie na hii, ataifurahia. Wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, Pretoria ilikwishatekwa na jamhuri yao haikuwa tena na kiwanda cha fedha. Mwaka 1902 wakatengeneza sarafu za dhahabu palepale Pilgrim's Rest, kwa mihuri ya chuma waliyoichonga kwa mikono na vifaa vya mgodini. Zilitoka 986 tu. Upande mmoja zina herufi za jamhuri na mwaka, upande wa pili thamani yake, pauni moja. Vita vikaisha Mei 31 mwaka huohuo. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazitafuta duniani kote. Sarafu ya taifa kutengenezwa kwenye karakana ya mgodi, na mafundi! Mzee aulize habari zake akifika.

Kaka dereva, la kabati la vioo nakubali nusu. Nyumba ndiyo zimewekwa kabatini. Watu wa pale hawajawekwa. Wapo, wanauza makadamia barabarani, wanaongoza wageni, wanaishi na swali la nani mwenye haki na mji ule na ardhi yake. Ukizungumza nao mji unafunguka.

---

Mwana_wa_Rosterman

Hamjambo wote. Nimesoma hii nikiwa Kakamega, Kenya, na nimeguswa na habari ya ile sheria ya 1885, kwa sababu na sisi tulikuwa na sheria yetu ya namna hiyo.

Hapa dhahabu ilipatikana mwaka 1931 na wazungu wakaja kwa wingi, wengine wakiwa wakulima walioumizwa na bei za mazao kushuka duniani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na ikichukuliwa kwa manufaa ya umma walipwe ardhi nyingine ya thamani sawa. Desemba 1932 wakaibadilisha, ikawa ardhi yenye madini inaweza kuchukuliwa bila kutoa ardhi nyingine, fidia ya pesa inatosha. Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi mpaka 1952, na hadi leo akina mama wa vijiji vya hapa wanaponda mawe na kuosha kwa karai, kama anavyosimulia huyo mama.

Ndugu wa Kilosa, ukifika huko, mbali na kuuliza vibarua walilala wapi, uliza pia shamba la kwanza lililochimbwa lilikuwa la nani. Mwongozaji mzuri hatakwepa.

---

Mama_Mwalo

Ndugu wa Kakamega, umeniongezea swali ambalo ningetamani ningeliuliza kwa kijana yule. Kabla ya wachimbaji, nchi ile ilikuwa na Wapulana na Wapedi, na kijito kile kilikuwa na watu wanaokichota maji. Natamani siku moja mnikaribishe Kakamega nione mnavyoosha. Nasikia mwamba wenu una kwatzi, lile jiwe linalobeba dhahabu, nyeupe safi.

---

Kijana_wa_Kilosa

Nimewaelewa nyote. Mpango tulioandika na baba ni huu: tunatoka Graskop ukungu ukipanda, Diggings kwanza na mtambo, kisha ofisi ya tiketi, gereji na kiwanda cha magazeti. Mimi na mke wangu makaburini wakati yeye anapumzika. Maduka jioni. Sijui tu Alanglade tuiweke wapi, na kama ina ngazi nyingi.

---

Dereva_wa_Lowveld

Mara ya mwisho nilipopeleka wageni kulikuwa na ziara ya saa tano asubuhi na ya saa nane mchana, na unajiandikisha mapema palepale ofisi ya habari. Chukueni ya saa nane, baada ya chakula. Muda umeshabadilika labda, kwa hiyo mkipata tiketi za makumbusho ulizeni na hilo hapohapo. Ni nyumba kubwa na ina ngazi ndani, lakini mwongozaji haendi mbio, na mzee akitaka kubaki chini na bustani anaweza. Mkitoka huko mkipanda Robbers Pass, hakikisheni mmevuka mlima kabla jua halijazama, kwa sababu ng'ombe hulala barabarani upande wa pili.